Mwenyekiti Amelala

Kabla hajawa sauti ya kutisha watu, Bi Kumbukumbu alikuwa mwanamke asiyesikika hata akipiga chafya. Jina hilo alilipata kazini, katika Bodi ya Maji ya mji wao, ambako kwa miaka ishirini na miwili aliandika kumbukumbu za vikao, akazichapa, akazigonga muhuri, akazifaili. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani ya kamba na blauzi tatu za kazini zilizopokezana zamu. Ukimsalimu asubuhi alikujibu kwa midomo tu, sauti ukaijaziliza mwenyewe.

Ukimya huo hakuuokota njiani. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda, analinda usiku na kulala mchana, kwa hiyo nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Watoto walicheza kimya, wakachapwa kimya, wakalia kimya. Kisha akaolewa na mwanamume mwema aliyependa kuongea. Marehemu aliweza kuanza hadithi watu wakinawa mikono, akaimaliza vyombo vimekwisha kukauka kabatini. Bi Kumbukumbu hakupata nafasi ya kupenyeza neno, na tuseme ukweli, hakuitafuta. Alipoajiriwa na Bodi ya Maji hakuona kigeni chochote.

Bodi ilikutana kila mwezi katika chumba cha ghorofa ya pili, chenye meza ndefu iliyobabuka, viti kumi, feni moja na ramani ya mabomba ukutani. Mwenyekiti, mzee mnene, mpole, mwenye masharubu meupe, alifungua kikao saa nne kamili. Alisoma ajenda. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya faili. Ikifika saa nne na nusu kidevu kimeshatua kifuani.

Hapo desturi ya Bodi ndipo ilipoanza kazi. Hakuna aliyemwamsha. Kumwamsha mzee wa watu ni kumwambia amelala, na nani alikuwa na kinywa cha kumwambia? Kwa hiyo wajumbe walishusha sauti, na kikao kikaendelea kwa kunong'ona. Makamu Mwenyekiti, bwana mmoja nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alinong'ona mapendekezo yake hata aliyekaa ubavuni pake hakuyapata yote, na mjumbe mmoja aliyebandikwa jina la Naunga Mkono, kwa kuwa hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyatamka kikaoni, akaunga mkono. Ni kwa njia hiyo bomba la mtaa wa sokoni lilihamishiwa kwenye shamba la Makamu bila mtu yeyote kupandisha sauti. Saa sita kasoro robo mhudumu huzima feni, joto humzindua Mwenyekiti, naye huvaa miwani na kusema, "Imepitishwa."

Sasa Bi Kumbukumbu aandike nini? Kuandika kwamba Mwenyekiti alilala ni kujitafutia balaa. Kutoandika kitu ni kuacha saa nzima na robo ielee hewani. Mwezi wake wa kwanza kazini alikaa na kalamu mdomoni mpaka wino ukampaka, kisha akaandika: "Saa 4:30 Mwenyekiti alitafakari." Makamu alipoisoma alimpa mkono. Tangu siku hiyo kila mwezi Mwenyekiti alitafakari, na kwenye mambo mazito, kama bei ya maji, alitafakari kwa kina.

Angestaafu hivyo hivyo, bila historia ya kusimuliwa, kama Makamu asingemtuma siku moja kupeleka barua ya onyo kwa Fundi Pampu.

Fundi Pampu alikuwa bwana wa makamo mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, aliyelea mashine mbili kuukuu katika nyumba ya zege nyuma ya tangi kubwa. Mashine zile zilinguruma kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia mawazo yake. Bi Kumbukumbu alimkuta ameketi juu ya ndoo, gitaa la nyuzi tatu mapajani, limeungwa kwenye spika aliyoiokota jalalani. Alikuwa analikwaruza kwa moyo wake wote. Alilipigia pale kwa sababu pale hakuna ambaye angemwambia hajui.

"Kuna barua," alisema Bi Kumbukumbu. Hakusikika. "Barua!" Wapi. Basi akajaza kifua akaachia, na kilichotoka hakikuwa neno barua. Kilikuwa ni "aaa" moja ndefu, iliyoanzia kwenye nyayo, ikapitia kwa baba aliyelala mchana, kwa marehemu na hadithi zake, kwa Mwenyekiti aliyetafakari. Ikiwa katikati, umeme ukakatika. Mashine zikafa, na sauti yake ikabaki peke yake ndani ya zege. Njiwa wote waliokuwa juu ya bati waliruka.

Fundi Pampu alililaza gitaa taratibu. "Dada," alisema, "hiyo ilikuwa nini?"

"Barua ya onyo."

"Hebu irudie."

Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Mtu wa tatu alikuwa Msoma Mita, baba wa watoto wanne, aliyeumwa na mbwa kumi na moja akiwa kazini na kuandika ripoti kumi na moja ambazo hazikujibiwa. Alikuja kuuliza kelele ni za nini, akaombwa apige mapipa matupu ya dawa ya maji, na alipoanza kuyapiga ikaonekana wazi kwamba kila pipa analiona lina mkia. Fundi alisema muziki wa namna hiyo una jina lake duniani, unaitwa roki ya kelele, na uzuri wake ni kwamba anayeujua sana huuharibu. Wakaridhika. Wakawa wanakutana kila Jumamosi saa nane mchana, mashine zikiwa kwenye mapumziko yake ya wiki.

Likaja suala la jina. Bi Kumbukumbu aliandaa ajenda, akaitisha kikao, akahakiki akidi, kwa sababu hakujua njia nyingine ya watu watatu kuamua jambo.

"Tuitwe Kutu," alisema Fundi.

"Mbwa Mkali," alisema Msoma Mita. "Bango lake liko kila geti, tayari tumeshatangazwa bure."

Wakamgeukia katibu wao. Hajawahi kutoa pendekezo maishani. Kazi yake ilikuwa kuandika ya wenzake. Alitazama daftari lake, akatazama tangi, akasema, "Mwenyekiti Amelala."

Msoma Mita alicheka mpaka akakaa chini. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza, maana wote watatu walikuwa wanakula mkate wa Bodi.

"Tutafukuzwa," alisema Fundi.

"Mimi nitajifunika uso," alisema Bi Kumbukumbu. "Naomba kura." Kura zikawa tatu kwa sifuri, naye akaandika kumbukumbu.

Nyumbani hakumweleza mtu. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekimbia ndoa yake na kurudi na sanduku moja na maneno mengi. Vyumba vyao viwili vilikuwa mali ya Bodi. Masharti yalikuwa hivi: mtumishi akifikisha siku ya kustaafu bila doa, nyumba inabaki yake mpaka afe. Akiachishwa kazi, anapewa siku saba za kuhama. Bi Kumbukumbu alibakiza miezi kumi na minne. Wifi aliihesabu kuliko mwenyewe, kalenda ilikuwa upande wake wa kitanda.

"Wifi, una mwanamume," alisema Jumamosi moja jioni, bila kutanguliza salamu.

"Sina."

"Sauti imekukauka. Unasukutua maji ya chumvi. Unarudi umelowa jasho, halafu unatabasamu ukikosha sufuria. Mimi si mtoto."

"Nina bendi."

Wifi alikaa. "Afadhali ungekuwa na mwanamume," alisema. "Mwanamume tungemficha." Alipoambiwa jina la bendi alicheka mpaka machozi, halafu uso ukabadilika. "Miezi kumi na minne, wifi yangu. Funga domo miezi kumi na minne tu, kisha nenda kapayuke mpaka ukome. Utamwaga unga wewe, na mimi nitakwenda wapi? Nirudi kwa yule?"

Bi Kumbukumbu aliahidi kuwa mwangalifu, na kwa mtu mwangalifu kama yeye kosa alilolifanya ni la ajabu, ingawa asingeweza kulifanya mtu mwingine. Alichapa tangazo la onyesho la kwanza. Kwake yeye karatasi isiyo na namba ya kumbukumbu ni sawa na kutoka nje bila sketi, na mkono ulijiendea wenyewe. Tangazo lilisomeka: "Kumb. Na. BM/KL/17. Yah: Onyesho la kelele la kikundi cha Mwenyekiti Amelala. Ajenda: 1. Kufungua. 2. Kelele. 3. Yatokanayo. 4. Mengineyo. 5. Kufunga." Na kwa kuwa namba isiyo kwenye rejista ni namba ya kughushi, alifungua rejista ya majalada ya Bodi akaiingiza kwa mwandiko wake mzuri: jalada la kumi na saba, Kelele. Kisha akaenda kunywa chai yake kwa amani.

Onyesho la kwanza walilifanyia kwenye nyumba ya pampu, mbele ya watu kumi na wanne, wawili kati yao wakiwa wamekuja kulalamikia bili. La pili lilikuwa gereji, Jumapili mchana, watu arobaini wakiwa wamekaa juu ya matairi. Bi Kumbukumbu alisimama kawapa watu mgongo, kichwa amekizungushia kitambaa cheusi yakabaki macho. Nyimbo zilikuwa tatu. "Hakuna Akidi" ilikuwa na maneno hayo mawili tu, yakirudiwa dakika tisa. "Yatokanayo" ilianza polepole na kuishia spika ikitoa moshi. "Imepitishwa" ilikuwa neno moja na ukelele mmoja, na waliousikia walisema nywele za mikononi zilisimama zikakataa kulala. Watu walitoka pale masikio yanawapiga filimbi, wamechangamka kama waliotoka kuoga. Fundi aliulizwa ana ujumbe gani kwa jamii, akasema waya mmoja umelegea.

Lakini jina lilikwenda mbali kuliko muziki. Watu ambao hawajasikia hata pipa moja walilijua. Likaandikwa kwa mkaa ukutani mwa soko, likaandikwa kwenye kuta za shule, na siku moja likaonekana juu ya tangi lenyewe la Bodi, herufi za urefu wa mtu. Wenyeviti wa mji wakawaka. Mwenyekiti wa kamati ya shule alitoa tamko kwamba yeye hulala nyumbani kwake tu, na kwa idhini ya mkewe. Mwenyekiti wa timu ya mpira alikula kiapo hadharani. Mwenyekiti wa chama cha kuzikana alisema jina hilo ni matusi kwa uongozi mzima, ila tamko lake lilisomwa na makamu wake, kwa kuwa yeye alikuwa amejinyoosha kidogo.

Mwenyekiti pekee ambaye hakukasirika alikuwa wa Bodi ya Maji. Alilisoma jina lile kwenye tangi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," alimwambia dereva wake. "Sijui ni mwenzetu gani huyo anayesemwa."

Onyesho la tatu, kwenye uwanja wa karakana ya maseremala, lilijaza watu zaidi ya mia mbili, na mmoja wao alimpelekea Makamu tangazo. Makamu alilisoma mara moja, akalisoma tena kuanzia juu. Asubuhi iliyofuata akaitisha kikao cha dharura.

Bi Kumbukumbu ndiye aliyechapa wito wa kikao hicho. Ajenda ilikuwa moja: kikundi cha kelele chenye jina la kudhalilisha uongozi. Wifi yake, alipoambiwa, hakupiga kelele wala hakulaumu. Alimfungia vifungo vya blauzi kama anayempeleka mtoto shule, akasema, "Chana ule ukurasa wa rejista. Wakikuuliza, hujui." Bi Kumbukumbu alifika ofisini saa moja na nusu, akaitoa rejista kabatini, akaushika ukurasa kwa vidole viwili. Hakuweza. Yeye aliyeandika uongo mmoja kila mwezi kwa miaka ishirini na miwili, akiupangia na aya, alikuwa hajawahi kuchana karatasi ya serikali. Aliirudisha rejista mahali pake, akaamua kwamba atanyamaza tu. Kunyamaza alikuwa anakujua.

Saa nne kamili Mwenyekiti alifungua kikao. "Jina hili linamvunjia heshima mwenzetu," alisema kwa uchungu wa kweli, "na hata kama hatumjui, tumtetee." Wajumbe walitazama meza. Mwenyekiti alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya faili. Saa nne na dakika ishirini na tano, kidevu kikatua. Wajumbe wakavuta viti karibu, na kikao cha kupinga kelele kikaanza kunong'onwa.

Makamu aliweka tangazo katikati ya meza. "Namba hii ni ya ofisi yetu," alinong'ona. "Mwizi yuko ndani. Na mwizi anajulikana. Watu mia mbili wamemwona Fundi Pampu na gitaa. Ameiba namba ya jalada, ametukana kiti. Napendekeza aachishwe kazi leo, na leo hii atoke."

"Naunga mkono," alinong'ona Naunga Mkono.

Makamu alimwinamia Bi Kumbukumbu. "Andika."

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu. Hakuna aliyetaja rejista. Hakuna aliyemtazama hata mara moja. Walikuwa wamemzoea pale kama walivyoizoea feni. Miezi kumi na minne ilikuwa bado yake, na vyumba viwili, na kitanda cha wifi chini ya kalenda. Nafuu ile ilimtia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Aliandika: "Iliazimiwa kwamba Fundi wa Pampu." Akasimama hapo. Fundi alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yake kumwambia arudie.

"Namba niliitoa mimi," alisema.

Hakunong'ona. Mjumbe wa mbali aliangusha kalamu.

"Taratibu, mama," alinong'ona Makamu, kidole mdomoni.

"Jina nililitoa mimi. Na ile sauti, ni yangu!"

Ile "yangu" ya mwisho haikutoka kama neno la ofisini. Ilitoka kama ilivyotoka pale karakana ya maseremala. Vioo vya dirisha vilitetemeka, ramani ya mabomba ikachomoka msumari mmoja. "Naunga—" alisema Naunga Mkono kwa mazoea, akajiuma ulimi.

Mwenyekiti alifumbua macho. "Imepitishwa," alisema. Kisha akatazama juu. Feni ilikuwa bado inazunguka. Akawatazama wajumbe waliobanana kwenye kona moja ya meza. "Mbona mmekaa hivyo? Nani amepiga kelele?"

"Hakuna kitu, Mzee," alinong'ona Makamu. "Ulikuwa unatafakari."

"Najua nilikuwa natafakari. Nisomee tulipofika, mama."

Bi Kumbukumbu alitazama karatasi yake. Mstari wa tatu ulisema: "Saa 4:25 Mwenyekiti alitafakari." Alikuwa ameuandika mara tu kidevu kilipotua, kwa mazoea. Alichukua rula, akaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake, akasoma kwa sauti: "Saa nne na dakika ishirini na tano, Mwenyekiti alilala."

Mwenyekiti alitabasamu, akingoja wengine wacheke. Hawakucheka. Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Kumbukumbu zote zinasema nilitafakari," alisema. "Ninazo nyumbani. Nimezijalidi. Nawasomea wajukuu." Aligeuka kwa Makamu. "Nilikuwa natafakari, ama sivyo?" Makamu alirekebisha kalamu zake tatu. "Mama, ni nani aliandika kwamba nilitafakari?"

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Na hawa wananong'ona kwa nini?"

"Kwa heshima pia. Wasikuamshe."

Bi Kumbukumbu alikuwa amelitamani tukio hili kwa siri, amelipigia kelele Jumamosi nzima nzima. Katika ndoto zake Mwenyekiti alikuwa mnene zaidi na mbaya zaidi. Huyu aliyekaa mbele yake alikuwa mzee aliyeachwa kituoni na msafara wake mwenyewe, na aliyemfunika shuka kila mwezi ni yeye. Alimhurumia, akajichukia, yote kwa pamoja.

"Nimelala vikao vingapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mia mbili sitini na viwili, na hiki kimo."

"Kati ya?"

"Mia mbili sitini na vinne."

Mzee alihesabu kwa midomo. "Kwa hiyo viwili nilikuwa macho," alisema, akivishikilia. "Viwili. Nilifanya nini?"

"Kimoja ulikuwa unaumwa jino, Mzee."

Mjumbe mmoja aliguna, akakohoa kuficha. "Na cha pili?"

Bi Kumbukumbu hakuhitaji kufungua jalada. "Cha pili ulikuwa umefiwa na mama watoto. Ulikuja siku ya nne baada ya mazishi. Ulikaa macho mwanzo mpaka mwisho, hukufunga jicho hata dakika moja. Ila wenzako walishazoea, wakanong'ona vile vile. Hakuna aliyekusemesha."

Mwenyekiti alivaa miwani. Alikaa kitambo kirefu, na safari hii alikuwa anatafakari kweli, kila mtu aliona tofauti. Kisha akanyoosha mkono, akaivuta karatasi, akaisoma kuanzia kichwa cha habari, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Andika na hayo uliyoyasema," alimwambia. "Yote. Namba, jina, sauti, na jino." Alingoja mpaka alipomaliza. Makamu alinong'ona kwamba kwa mujibu wa kanuni kumbukumbu huthibitishwa kikao kinachofuata, na mzee akamjibu, "Sikusikii," akatia sahihi. Akaikunja miwani, akaitia mfukoni, akashuka ngazi peke yake akishika ukuta. Kabla ya saa sita alituma barua ya kujiuzulu yenye mstari mmoja, aliyoiandika kwa mkono.

Bendi haikupiga tena. Msoma Mita alipewa onyo, Fundi Pampu alibaki na kazi yake kwa sababu azimio dhidi yake lilikatika katikati ya sentensi, na spika ilikuwa imeungua. Bendi iliishi siku arobaini na moja. Jina lilifutwa kwenye tangi kwa chokaa, ila mvua ikinyesha hujitokeza.

Ikabaki Bi Kumbukumbu. Mchana wa siku ile ile, Makamu, ambaye sasa alikuwa akikaimu kiti, aliamua kwamba aachishwe kazi, na wajumbe wakakubali kabla hajamaliza kusema. Tatizo lilikuwa dogo na la aibu: barua ilihitaji kuchapwa, na Bodi nzima haikuwa na mtu mwingine anayejua kuchapa. Kwa hiyo aliitwa mwenyewe. Alikaa mbele ya kompyuta, Makamu akasimama nyuma ya kiti chake. Wajumbe walikwisha kwenda kula, na korido nzima ilikuwa tupu.

Alichapa tarehe. Alifungua rejista, akatoa namba ya kumbukumbu, akaiingiza. Alichapa jina lake kamili, ambalo hajawahi kuliona kwenye barua yoyote ya ofisi ile. Akachapa: "Yah: Kuachishwa kazi." Alimfikiria wifi yake, na sanduku moja, na siku saba, na akaogopa waziwazi. Akachapa: "Umeachishwa kazi kuanzia leo kwa sababu", kisha akasubiri.

Makamu alimwinamia na kunong'ona kitu.

"Sijasikia, Mheshimiwa."

Makamu alisogea zaidi, pumzi yake ikamgusa sikio, akanong'ona tena. Bi Kumbukumbu aliyapata maneno, yote mawili, yale yale yaliyoandikwa juu ya tangi. Aligeuza kiti chake mpaka wakawa wanatazamana.

"Sema kwa sauti," alisema. "Mzee ameshakwenda nyumbani."

Makamu alitupa jicho mlangoni, kisha kwenye chumba cha mikutano, kwenye kile kiti kikubwa kilichobaki wazi. Alifungua kinywa. Shingo ilimtoka mishipa, na hakikutoka kitu zaidi ya upepo. Bi Kumbukumbu aliitoa mikono kwenye vitufe, akaiweka mapajani, akangoja.